Kwa Treni Kutoka New York hadi Seattle, na Hesabu ya Bakshishi

Shemeji yangu anahudumia meza katika mgahawa mmoja wa Queens, New York. Kabla sijapanda treni ya kuvuka Marekani hadi Seattle, alisisitiza tule pamoja mahali pasipo kwake, anifunze kulipa. "Chakula utakizoea, Shem," alisema. "Bili ndiyo inayowatoa wageni jasho."

Bili ililetwa ndani ya jalada dogo jeusi. Unaweka kadi humo, mhudumu anaondoka nayo, anarudi na karatasi mbili, moja yako na moja yao. Kwenye ile yao kuna mstari mtupu wa bakshishi na chini yake mstari mwingine mtupu wa jumla mpya. Unaandika kwa kalamu kiasi unachotaka, unajumlisha, unasaini, unaondoka. Hakuna anayesimama kukutazama. Fedha uliyoandika itakatwa ukiwa umeshafika mtaa wa pili.

"Tazama kodi," akasema. Kodi ya mauzo ya New York City ni asilimia 8.875. "Izidishe mara mbili, ongeza senti mpaka itimie dola kamili, basi." Ukifanya hivyo unapata asilimia 17.75, karibu 18. Kwa maelezo yake, 15 mhudumu anaipokea kimya, 18 hakuna anayekusema, na 20 ndiyo imekuwa kawaida ya mjini.

Nikamuuliza: na huduma ikiwa mbovu?

Akaweka uma chini. Mwaka ule wa 2025, akaeleza, kima cha chini cha mshahara mjini kwao kilikuwa dola 16.50 kwa saa, lakini mwenye mgahawa aliruhusiwa kumlipa mhudumu dola 11 tu. Zile 5.50 zilizobaki zilihesabiwa kuwa zimetoka mifukoni mwa wateja. Na bakshishi yenyewe haibaki yote kwake: usiku wakifunga anamgawia anayekusanya vyombo, anayeleta sahani kutoka jikoni na anayechanganya vinywaji baa. "Jikoni wakichelewa, unamkata nani? Unanikata mimi, na yule kijana anayefuta meza. Mpishi mshahara wake uko pale pale."

Hapo nikaelewa kwa nini mstari ule mtupu unawatoa watu jasho. Mgeni anadhani anaulizwa kama alifurahi, kumbe anakamilisha mshahara wa mtu.

Kisheria jambo hili lina mizizi mirefu. Sheria ya shirikisho inaruhusu mfanyakazi anayepokea bakshishi alipwe dola 2.13 kwa saa, na kiasi hicho hakijasogea tangu 1991. Zamani kilikuwa kinapanda pamoja na kima cha chini cha kawaida, lakini mwaka 1996 Bunge likavitenganisha. Kile cha kawaida kikafika dola 7.25 mwaka 2009, hiki kingine kikabaki palepale. Bakshishi isipotosha kufikisha 7.25, mwajiri anatakiwa kujazia. Shemeji alipofika kwenye neno "anatakiwa" alicheka kidogo, hakuendelea.

Treni ya Lake Shore Limited huondoka New York alasiri na kupanda kaskazini ikiufuata mto Hudson. Nilikuwa behewa la viti, sikula mezani, kwa hiyo usiku huo sikuwa na hesabu ya kufanya. Nilisoma. Profesa Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye amelitafiti suala hili kwa miongo kadhaa, amekuta kwamba uhusiano kati ya ubora wa huduma na ukubwa wa bakshishi ni dhaifu. Watu wanasema wanaipa huduma maksi, halafu wanatoa kile wanachotoa siku zote.

Asubuhi nilishuka South Bend, Indiana. Sababu ilikuwa moja: Indiana ni kati ya majimbo ambako 2.13 ndiyo yenyewe, haikuongezwa hata senti, na nilitaka kula mahali ambapo hesabu hii ni kali kuliko kwingine.

Nikapata mgahawa wa kifungua kinywa. Mama aliyehudumia alikuwa na meza zote za upande wa dirisha peke yake. Alinijazia kahawa kabla kikombe hakijafika nusu, akarudi tena, akarudi tena, akaniletea mkate mwingine kwa kuona tu kwamba ule wa kwanza niliusukuma pembeni. Mayai, viazi vya kukaanga, mkate na kahawa isiyokwisha vilikuja dola 13. Kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 7. Ukiifuata kanuni ya shemeji, yaani kuizidisha mara mbili, unapata 14: dola moja na senti 82.

Nilikaa na hiyo namba kidogo. Kanuni ile inakupa kiasi kidogo mahali ambapo mshahara ni mdogo. Haina kosa la hesabu, ila kodi na mshahara havijuani. Na hata asilimia 20 kamili ingekuwa dola 2.60 kwa mtu aliyenizunguka karibu saa nzima, ilhali New York mhudumu aliyetuletea samaki na kutukabidhi jalada la bili aliondoka na zaidi ya dola 18. Sahani ya samaki haikuwa nzito kuliko sahani ya mayai. Asilimia inampendelea anayehudumia vyakula ghali, na mwenye meza za kahawa na mkate ndiye anayetembea zaidi. Niliacha dola tano taslimu chini ya kisosi. Tangu hapo kwenye bili ndogo nimeacha kutafuta asilimia. Nauliza mtu amenihudumia kwa muda gani.

Taslimu, kwa njia, bado inapendwa. Sheria ya shirikisho tangu 2018 inakataza wazi mwajiri na mameneja kujichotea bakshishi za wafanyakazi, iwe ya kadi au ya noti, lakini noti hushikwa siku hiyo hiyo.

Kutoka South Bend kuna treni ya South Shore hadi katikati ya Chicago. Siku iliyofuata nikapanda treni ya mjini hadi Pullman, kusini mwa jiji, mtaa wa matofali mekundu uliojengwa na George Pullman kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha mabehewa. Leo ni hifadhi ya kihistoria ya taifa. Nilikwenda kwa sababu kampuni ya Pullman ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote wa mshahara ulioachiwa abiria.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Pullman aliajiri wanaume Weusi, wengi wao waliokuwa watumwa muda mfupi kabla, wawe wahudumu wa mabehewa ya vitanda. Walitandika vitanda, walipiga viatu rangi, walibeba mizigo, walilala saa chache. Kampuni iliwalipa kidogo ikijua abiria wataongeza. Abiria wengi waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kana kwamba hawakuwa na majina yao. Na mtu anayetegemea sarafu ya abiria hawezi kumwambia abiria jina lake kwa ukali. Mwaka 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na ilichukua hadi 1937 kampuni ikatia saini mkataba nao. Walidai mshahara wa kueleweka na saa za kazi zilizopunguzwa, wasilazimike kutabasamu ili wale.

Jioni ile katikati ya Chicago kodi ya chakula cha mgahawani ilizidi asilimia 11, kwa hiyo kanuni ya shemeji ilinipandisha zaidi ya 22. Na hapo ndipo mshahara umeanza kupanda: baraza la jiji liliamua mwaka 2023 kuufuta hatua kwa hatua ule mshahara wa chini wa wanaopokea bakshishi, na katikati ya mwaka 2025 ulifika dola 12.62 dhidi ya 16.60 ya wengine. Niliandika 20, nikihesabu kutoka jumla ya kabla ya kodi. Sioni sababu ya kutoa bakshishi juu ya kodi, ingawa mashine nyingi hukokotoa hivyo bila kukuambia.

Mashine nazo zina tabia zake. Kwenye kaunta moja nilichukua chupa ya maji mwenyewe kutoka kwenye friji, nikaibeba mwenyewe, na kishikwambi kikageuzwa kunitazama: 18, 20, 25. Kitufe cha "hakuna" kilikuwa chini kabisa kwa herufi za kijivu. Nikakibonyeza. Kijana wa kaunta alikuwa anatazama simu yake, na foleni nyuma yangu haikunizomea. Kwa maoni yangu mtu aliyekaa mezani ana deni, na aliyenunua chupa ya maji hana. Barista anayesimama dakika tatu kukutengenezea kahawa yuko katikati. Dola moja inatosha.

Kisha ikaja Empire Builder, treni inayotoka Chicago hadi Pwani ya Magharibi. Safari hii nilikuwa na kichumba behewa la vitanda, na tikiti ya kichumba inabeba na mlo wa behewa la chakula. Unakaa na abiria usiowajua, meza ya watu wanne. Unaagiza, unakula, na hakuna bili. Asilimia 20 ya sifuri ni ngapi?

Mzee aliyeketi mbele yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa na jibu tayari. Aliacha dola tano baada ya chakula cha jioni na tatu baada ya kifungua kinywa, akazibana chini ya chupa ya chumvi kwa sababu behewa lilikuwa linayumba. Wahudumu wa treni wana chama na mshahara kamili, akasema, lakini jaribu wewe kubeba supu kwenye mwendo huu. Nami nikafanya kama yeye. Njiani tulivuka Minnesota, ambako mhudumu wa mgahawa lazima alipwe kima kamili, kisha North Dakota ambako si lazima, kisha Montana ambako ni lazima tena. Dirishani ngano zilikuwa zilezile.

Nilikatiza safari Whitefish, Montana, karibu na hifadhi ya Glacier, nione jinsi watu wanavyolipa kule ambako sheria haimwachii mteja kitu. Montana ni kati ya majimbo saba yasiyoruhusu bakshishi kuhesabiwa kama sehemu ya mshahara. Mengine ni Alaska, California, Minnesota, Nevada, Oregon na Washington. Mhudumu wangu alikuwa analipwa si chini ya dola 10.55 kwa saa, bakshishi ikiwa juu yake. Jimbo halina kodi ya mauzo, ila Whitefish, kwa kuwa ni mji wa watalii, unatoza asilimia 3. Kanuni ya shemeji hapo inatoa 6, na ukiacha 6 watadhani umekasirika. Nilimuuliza jirani yangu wa kaunta, fundi bomba kwa mavazi yake, anaacha ngapi. "Ishirini," akajibu, kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani. Nikamwambia kwamba hapa mshahara ni kamili. Hakuwa anajua, na hakuonekana kujali. Niliacha 18.

Nimelifikiria jibu la yule fundi kuliko vitu vingi nilivyosoma. Sheria inabadilika kwenye mpaka wa jimbo, mkono wa mteja haubadiliki. Nadhani ndiyo maana wenye migahawa wanaojaribu kuiondoa bakshishi huchoka. Danny Meyer wa New York alianza mwaka 2015 kuiingiza gharama ya huduma ndani ya bei za menyu kwenye migahawa yake, na mwaka 2020 akairudisha bakshishi.

Seattle ndiyo iliyonipa bili ya kusoma mara mbili. Jimbo la Washington liliwahi kupiga marufuku bakshishi kwa sheria mwaka 1909, likiwa la kwanza nchini, na sheria hiyo haikudumu. Mwaka 2025 kima cha chini mjini Seattle kilikuwa dola 20.76 kwa saa, mhudumu na asiye mhudumu sawa. Bili yangu ilikuwa na ada ya huduma ya asilimia 20 iliyokwisha kuchapwa, na chini yake, bado, mstari mtupu wa bakshishi.

Sheria ya jimbo inataka menyu na risiti ziseme wazi ni sehemu gani ya ada hiyo inamfikia moja kwa moja aliyekuhudumia. Nikageuza menyu. Kwa herufi ndogo ilisema mgahawa unabaki na ada yote. Nikamwita mhudumu nikamuuliza yeye analipwaje.

"Kwa saa, na asilimia ya mauzo," akasema. "Hiyo ada wanaitumia kwenye mishahara yetu na bima. Ukiongeza nitashukuru. Usipoongeza hujanidhulumu."

Ni mhudumu pekee njia nzima aliyenijibu swali hilo bila kutazama pembeni. Niliandika sifuri kwenye mstari wa bakshishi, nikarudia jumla ileile chini yake, nikasaini. Akachukua karatasi, akaniuliza kama nataka boksi la kubebea chakula kilichobaki.