Sogea Mwenzako Aote

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii liko mwishoni kabisa mwa Waraka wa Pili kwa Timotheo, pale ambapo wengi wetu tunakuwa tumeshaanza kufunga Biblia kwa kuwa zimebaki salamu tu. Sura ya 4, mstari wa 13, Paulo, akiwa gerezani Rumi, anamwagiza Timotheo: "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete." Na mstari wa 21: "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi."

Nimelelewa kanisani, nimeimba kwaya tangu shule ya Jumapili, na mistari hii miwili ilikuwa ikinipita tu. Ilinishika hapa Minnesota, Marekani, msimu wangu wa kwanza wa baridi, nikiwa nimevaa koti la mtu mwingine.

Watu wa hapa wakisikia natoka Tanzania hunipa pole ya kuacha jua. Huwa nawaambia mimi ni mtu wa Njombe. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na aliyewahi kulala Njombe mwezi wa saba anajua ninachosema. Ukungu unashuka kabla jua halijazama, manyunyu yanapiga siku tatu mfululizo, na huko juu Makete, upande wa Kitulo, asubuhi unakuta sakitu imelala kwenye majani, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa, na viazi vimeungua kwa baridi shambani. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, haina dari. Upepo uliingilia kati ya ukuta na bati, ukatokea chini ya mlango. Tulilala na sweta, soksi na kofia ya sufu, watoto watatu kitanda kimoja, blanketi mbili, na bado ukiamka alfajiri unaiona pumzi yako humohumo chumbani. Baridi ya nje na baridi ya ndani zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Joto la nyumba nzima lilikuwa sehemu moja tu, jikoni: kibanda cha nje, mafiga matatu na kuni za miwati. Jioni wote tulikuwa humo. Bibi yangu alikaa kwenye kigoda chake, anageuza viazi kwenye majivu kwa vidole vitupu, bila kijiti, anavipigapiga kuvikung'uta, anakupa kimoja ukihamishe mkono huu kwenda huu mpaka kipoe. Mtu akipita njiani akaona moshi, anapiga hodi, "Kamwene", na kabla hajamaliza kuinama mlangoni bibi ameshatuambia: sogea mwenzako aote. Neno hilo tulilisikia hata mara kumi kwa usiku mmoja. Sikumbuki siku ambayo nafasi kwenye moto ule iliisha. Tulibanana, magoti yakagusana, mbele tunaungua na mgongoni baridi inatuuma, na aliyeingia akapata mahali.

Sitaki kuipamba. Moshi ule ulimharibu bibi macho na kifua. Na msimu wa baridi ukifika, nyanda za juu husikika habari ileile: familia imeingiza jiko la mkaa chumbani, imefunga mlango na madirisha, asubuhi hawakuamka. Msiba wa namna hiyo ulitokea nyumba ya tatu kutoka kwetu, nami nilikuwa miongoni mwa mabinti waliobeba maji ya matanga. Kwa hiyo mtu akiniambia kule tulikuwa na raha zaidi, siwezi kumwitikia amina haraka.

Picha za theluji nilikuwa nimeziona tangu nasoma Iringa. Walutheri wa huko wana undugu wa siku nyingi na Walutheri wa eneo la Saint Paul, hapa Minnesota, ule unaoitwa Bega kwa Bega, tangu 1987, na wageni walikuwa wakija na picha zao. Lakini picha haina baridi. Nilishuka Minneapolis mwezi Januari na koti langu la mtumba, lile ambalo Njombe lilikuwa la kuendea kanisani. Kutoka mlango wa uwanja wa ndege hadi kwenye gari ni hatua labda hamsini. Vinyweleo vya ndani ya pua viliganda, vikasimama kama miiba. Machozi yakatoka yenyewe.

Wiki hiyohiyo mama mmoja mzee wa usharika, Mmarekani, mjane, alikuja mlangoni na koti la marehemu mume wake. Zito, linanifika magotini. Mfukoni kulikuwa na glavu moja, ya mkono wa kulia. Alipoiona aliitoa, akaishika muda mrefu bila kusema kitu, kisha akairudisha mfukoni akaniambia nibaki nayo. Jioni ile nilifungua Biblia nikasoma "lile joho" kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

Tarehe 30 Januari 2019 kila aliyekuwepo hapa anaikumbuka. Kipimo cha uwanja wa ndege wa Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa. Nami nilikuwa ndani, miguu peku, khanga na fulana, nakaanga maandazi. Ndani ilikuwa nyuzi 20. Nilisimama dirishani nikapiga hesabu: nyuzi 53 kati yangu na barabara, na kinachozitenganisha ni ukuta ambao unene wake haufiki urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Chini ya nyumba tanuru linachoma gesi, feni inasukuma hewa ya moto kwenye matundu ya sakafuni, na hakuna anayekohoa moshi. Zaburi ya 147 inauliza ni nani awezaye kusimama mbele ya baridi ya Bwana, na mimi siku ile nilikuwa nimesimama, na watoto wangu wamelala bila kofia kichwani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Namshukuru hadi leo, kwa niaba ya bibi pia, ambaye hakuwahi kulala usiku mmoja wa namna hiyo.

Ila kuna jambo nililochukua miaka kuliona. Joto likiwa kila chumba, hakuna anayehitaji kusogea. Mwanangu mkubwa yuko chumbani kwake, mdogo yuko chini, baba yao yuko zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, mimi niko mezani na simu. Wote tuna joto. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, saa ambayo kwetu watoto ndiyo kwanza wanatumwa maji, na kuanzia hapo kila mlango wa mtaa umefungwa kwa ufunguo na kuzibwa kwa mpira wa kuzuia upepo. Ukuta uleule unaozuia baridi unazuia hodi. Mtaa huu nimekaa miaka minne, na majirani wengine nawajua kwa magari yao tu.

Januari iliyopita ilitufikia familia ya Wakongo kutoka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kambi hiyo ilifunguliwa 1996 kwa ndugu waliokimbia vita Kivu ya Kusini. Mama huyu aliingia humo akiwa mtoto mdogo, akaolewa humo, akazaa humo watoto watano. Usharika ulitutangazia. Nikapata namba yake, nikamtumia ujumbe: karibuni sana mama, Mungu awatie joto katika baridi hii. Nilikuwa na nia kabisa ya kwenda Jumamosi. Jumamosi ikaanguka theluji, barabara zikaganda, nikatuma ujumbe mwingine wenye picha ya maua. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na zamu. Zikapita wiki tatu.

Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kochi na koti lake mwilini, ndani ya nyumba. Vyumba vya kulala vitatu, na watoto wote watano wako chumba kimoja, magodoro yameunganishwa sakafuni. Kile kidude cha ukutani cha kupandishia joto hakuwa amekigusa. Aliogopa bili, tena hakuna aliyemwonyesha kinavyotumika. Jioni alikuwa anawasha oveni ya gesi, anaacha mlango wake wazi, wanakaa mbele yake. Mwili ulinisisimka, nikaiona ile nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikazima oveni. Nikamweleza habari ya hewa ya sumu isiyo na harufu, nikaitafuta kengele ya kuonya hewa hiyo karibu na mlango wa chumba, nikaibonyeza mpaka ikalia, watoto wakakimbia kuja kuangalia. Kisha tukakaa, akanipa chai, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Dada, hapa majirani wanapitaga saa ngapi?"

Wiki tatu alikuwa anasubiri. Kila jioni alipika ugali wa kuzidi, kwa ajili ya atakayepita.

Sikuwa na jibu. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anamtaja mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," na asimpe kitu. Mkaote moto. Maneno yaleyale niliyomtumia mama yule kwa simu, na mimi ndiye niliyelelewa kwenye moto wa bibi yangu.

Turudi kwa Paulo. Kwa nini anasisitiza kabla ya baridi? Enzi zile safari za Bahari ya Mediterania zilikuwa kama zinafungwa kuanzia Novemba hadi Machi, vyombo vinakaa bandarini. Paulo alijua gharama ya kuchelewa. Katika Matendo 27 aliwaonya wenye merikebu kule Krete, hawakusikia, chombo kikavunjika. Na Timotheo, ili afike Rumi kutoka upande wa Troa, lazima avuke maji. Akichelewa kuondoka, atakwama upande wa pili mpaka majira yabadilike. Joho litafika, ndiyo, litafika mwezi wa nne, lakini mzee Januari yake ameshaipitisha gerezani bila joho wala mtu.

Nadhani aliweza kuomba waziwazi hivyo kwa sababu alishaonja mapokezi. Baada ya merikebu ile kuvunjika, walipotupwa ufukweni kisiwa cha Melita, wameloa, wenyeji wasiojuana nao hata kwa lugha waliwasha moto wakawakaribisha wote, kwa ajili ya mvua na baridi. Luka ametaja hesabu ya waliokuwa merikebuni: watu 276. Hebu fikirieni ukubwa wa moto ule, na watu walivyosogea. Na napenda sana kwamba Paulo mwenyewe, mtume na mfungwa, aliokota kuni akazitia motoni. Hakukaa tu kuotea kuni za wenzake. Baadaye baba yake Publio, mkuu wa kisiwa, aliyekuwa hawezi kwa homa na kuhara damu, akaombewa na Paulo, akapona. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Melita lilitimia neno kwa neno.

Asubuhi hii nimekuta sakitu ya kwanza kwenye kioo cha gari. Ni Oktoba. Bado tuna wiki chache za barabara nzuri, na zipo familia ambazo huu ndio msimu wao wa kwanza. Twendeni sasa, theluji haijatupa sababu. Na tukienda tusiishie kwenye sala na koti. Tukae nao tuwaonyeshe kile kidude cha ukutani, tubonyeze kengele ya hewa ya sumu, tuwaambie mambo ambayo sisi tulichelewa kuyajua: kwamba sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba anayedhibiti joto ahakikishe ndani hakupungui nyuzi 20, zile 68 za vipimo vya hapa, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, na kwamba katika miezi hiyohiyo kampuni ya gesi au umeme haipaswi kukukatia joto ukipiga simu mkapatana namna ya kulipa na ukalipa kama mlivyopatana. Mama wa watu asikae na koti ndani kwa kuogopa bili ambayo inaweza kuzungumzwa.

Na nyumbani kwangu nimeanza jambo dogo. Jioni moja kwa wiki simu zinakaa kwenye kapu, watoto wanatoka vyumbani, tunakula mkekani. Mara ya kwanza walinung'unika. Sasa mdogo ndiye anayetandika mkeka.

Tuombe. Ee Bwana, utoaye theluji kama sufu, asante kwa nyumba zenye joto ulizotupa ugenini. Utusamehe kwa wiki tatu, na kwa wale tuliowaacha zaidi ya wiki tatu. Wakumbuke wanaolala leo na baridi Makete, na wanaolala chini ya turubai Nyarugusu, na walio njiani kuja. Utupe miguu kabla theluji haijaanguka. Amina.

Makoti yaletwe chumba cha chini cha kanisa Jumamosi saa nne asubuhi. Buti za watoto wadogo ndizo zinazokosekana zaidi. Na mama yule nimeshampa jibu lake. Majirani wanapita Alhamisi, saa kumi na mbili jioni.