Kidole Mnadani na Kamba ya Nanga

Juma lililopita, baada ya alasiri, nilikwenda kwenye mnada wa samaki ufukweni Bagamoyo kununua dagaa wa shilingi 3,000 tu, nikarudi nyumbani na fungu la samaki aina ya changu la shilingi 18,000. Samaki walikuwa wametandazwa juu ya turubai, mnadi akipandisha bei kwa elfu moja moja, na alipotaja kumi na saba nilishtuka kuona kidole changu kimekwisha kuinuka. Dada yangu aliponiuliza ni nani aliyenituma changu, nilikosa jibu, kwa sababu kwa kweli sikukumbuka kuamua.

Swali la dada, yaani kama kweli mtu hutenda kwa hiari yake, lina wasomi wake. Mwaka 1983 mtafiti wa ubongo Benjamin Libet na wenzake huko San Francisco walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hadi leo linaleta ubishi. Waliwaketisha watu mbele ya saa yenye nukta inayozunguka upesi, wakawaambia wakunje kifundo cha mkono wakati wowote watakapojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipoihisi nia ya kufanya hivyo, huku vipima umeme wa ubongo vikiwa vimebandikwa vichwani mwao. Umeme huo ulianza kujikusanya yapata milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea, ilhali nia yenyewe ilihisiwa yapata milisekunde 200 tu kabla. Wengi walihitimisha kwamba ubongo huamua kwanza, na mwenyewe huja kuarifiwa baadaye, kama mwenye nyumba anayeambiwa kwamba wageni wamekwisha kula. Libet mwenyewe hakufika huko. Alishikilia kwamba katika kile kipande kidogo cha muda kilichosalia mtu bado anaweza kulizuia tendo.

Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walileta maelezo mengine. Kwa maoni yao, umeme ule si lazima uwe uamuzi, kwani shughuli za ubongo hupanda na kushuka zenyewe muda wote, na pale ambapo mtu hana sababu ya kuchagua sasa badala ya baadaye, mkono husogea mawimbi hayo yanapofikia kiwango fulani. Kisha mwaka 2019 Uri Maoz na wenzake wakalinganisha uchaguzi usio na uzito na uchaguzi wenye uzito, yaani kuamua ni shirika gani la hisani litakalopewa fedha za kweli. Ile dalili ya Libet, yaani umeme unaotangulia tendo, ilionekana katika uchaguzi wa kubahatisha, lakini katika ule wenye uzito haikuonekana, au ilikuwa hafifu mno. Kwangu mimi jambo hili ni kubwa kuliko kelele zote zilizolitangulia, kwa kuwa linaonyesha kwamba tumekuwa tukipima kidole cha mnadani na kudai tumempima mtu mzima.

Wanaokana hiari hawatetereki kwa hilo, na sina budi kuwatendea haki. Robert Sapolsky, aliyechunguza nyani nchini Kenya kwa miaka mingi, alisema mwaka 2023 kwamba hata uamuzi wa kufikiri kwa makini umetokana na homoni, malezi, njaa ya asubuhi ile na urithi wa mababu, mambo ambayo hakuna hata moja tulilolichagua. Hoja hiyo ni nzito. Ila naona inataka hiari iwe kitu kisichotokana na chochote, na hiari ya namna hiyo sijui ingemfaa nani.

Huku pwani ubishi huu si mgeni. Wanafunzi wa elimu ya dini wanawajua Majabaria, waliosema kwamba mja hana hiari, na Muutazila, waliosema kwamba mja huumba matendo yake mwenyewe. Na wanaijua njia ya mwanazuoni Abul-Hasan al-Ash'ari wa karne ya 10, kwamba tendo huumbwa na Mungu na mja hulichuma. Nalipenda neno hilo la kuchuma, kwa kuwa linamwachia mtu kitu mkononi bila kumfanya mwenye shamba.

Mwaka jana ngalawa ya mjomba wangu iling'oka usiku kwenye nanga, ikapigwa mwambani na mrengu mmoja ukavunjika. Kijana aliyeifunga alikuja asubuhi barazani, mjomba alipokuwa ameketi na wazee, akaamkia, akasema, “Nahodha, ni kudra ya Mungu.” Mjomba, ambaye jioni ya jana yake alikuwa amelitamka neno hilohilo juu ya wavu wake uliopotea, alimjibu, “Kudra naijua, mwanangu. Fundo ulifunga wewe.” Mwaka 1962 P. F. Strawson, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika kwamba kulaumu, kushukuru na kusamehe havisubiri wasomi wamalize mjadala wao, na nadhani angejisikia nyumbani pale barazani.

Wazee hawakumwuliza kijana kama angeweza kutenda vinginevyo katika ulimwengu huu. Waliagiza kamba iletwe. Mmoja wao aliipitisha baina ya vidole, akaivuta kidogo, nyuzi zikamkatikia mkononi: katani iliyokwisha kuoza kwa jua na chumvi. Kijana akapunguziwa nusu ya gharama za fundi, kwa sababu kamba ilikuwa ya mjomba.