Nilivyopiga kinanda usiku wa tuzo bila kujua nani anashinda

Shemeji yangu mpaka leo haamini. Wiki nzima kabla ya zile tuzo za muziki, ambazo bendi yetu ndo ilikuwa inapiga wimbo wa kila mshindi akitajwa, alikuwa ananitumia meseji, "shem nidokeze tu, siongei na mtu", maana kuna msanii wa mtaani kwao alikuwa anawania, na kichwani mwake bendi lazima iwe na majina ya washindi, la sivyo mshindi akitajwa wimbo wake unaanzaje papo hapo? Swali zuri tu. Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo mwandaaji siku ya kwanza, akacheka, akasema majina wanayo waliohesabu kura, yamo kwenye bahasha, hata yeye hajui.

Basi ikabidi tumwandalie kila mtu. Vipengele 12, kila kimoja wanaowania wanne, ila nyimbo zenyewe zilikuwa 37 maana zingine zimewania vipengele viwili vitatu. Tunachukua kiitikio tu, kama sekunde 20 hivi, za kumtoa mtu kwenye kiti mpaka kwenye maiki. Siku sita za mazoezi, na unajua kabisa nyingi kati ya hizo hakuna atakayezisikia. Inakatisha tamaa bana.

Usiku mmoja nikakaa kusoma Oscar, zile tuzo za filamu za Marekani, wanafanyaje, kumbe nao ni yale yale, okestra inaandaa muziki wa kila anayewania. Zamani walikuwa wanawapa waandishi orodha ya washindi mapema kwa makubaliano wasiitoe, mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times likaitoa kabla ya sherehe, ndo mwaka uliofuata bahasha zilizofungwa zikaanza. Hata kile kisanamu anachopewa mshindi hakina jina, tangu 2010 wanatengeneza vibao vya majina vya wote wanaowania, halafu aliyeshinda anabandikiwa chake kwenye pati baada ya shoo. Nikasema kama wale wanachonga mpaka vibao vya walioshindwa, mimi nani nilalamikie nyimbo 37.

Kazi sasa haikuwa nyimbo, kazi ilikuwa ile sekunde ya kuanza. Kipengele kimoja kilikuwa na singeli inayokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, hapo hapo kuna taarabu imejikalia zake taratibu, dramu ananiambia kaka huwezi kunitoa huku ukanipeleka kule bila hata kuvuta pumzi. Tulichofanya, nyimbo zote nne za kipengele tukaziweka kwenye ki moja, yaani zote zisimame kwenye noti moja ya msingi, kama ni G zote G. MC akianza tu kuchana bahasha dramu anazungusha snea, ile ngoma ndogo inayolia kwa mfululizo, jina likitajwa mimi na besi tunabonyeza G moja ndefu, hiyo haikosei mtu yeyote, na ndani ya hiyo G kiongozi anainua vidole, kimoja mpaka vinne kufuata mpangilio wa majina kwenye skrini. Mtu ukumbini anadhani wimbo umeshaanza kumbe sisi bado tunaangalia vidole. Mazoezini dereva wa Noah yetu ndo alikuwa MC, anachomoa vikaratasi kwenye kofia na kutangaza washindi anavyojisikia, siku ya tano hatukukosea hata mara moja.

Usiku wenyewe kipengele cha pili tu, tukakosea. Taa zikazimwa ghafla, moshi umejaa, mashabiki wanapiga kelele jina lenyewe halisikiki, kiongozi kainua vitatu, besi kaona viwili. Sekunde kama nne hivi tukapiga nyimbo mbili kwa pamoja, na ule wa besi ulikuwa wa jamaa aliyekosa, nikamuona anaanza kunyanyuka kwenye kiti aisee, roho iliniuma. Tangazo la biashara lilipoingia tukamkimbilia fundi mitambo, akampa kiongozi maiki inayoingia kwenye iafoni zetu tu, spika za ukumbi haifiki. Anataja namba, sio jina, maana kuna kipengele msanii mmoja alikuwa na nyimbo mbili, ukisema jina lake unakuwa hujasema kitu. Kuanzia hapo mpaka mwisho ikawa "tatu", "moja", "nne", hatukukosea tena. Fundi wa skrini akaomba na yeye awekewe hiyo sauti, kumbe alikuwa na video nne nne za kila kipengele anasubiri kama sisi.

Msanii wa kwa shemeji alikosa. Meseji ikaingia hata sijashuka jukwaani, "si ungesema tu nisivae suti".

Kesho yake nimeenda kufuata salio, mhasibu wa waandaaji kashika karatasi, ananiambia kwa hesabu yake tumepiga nyimbo 9, maana kuna mtu alizoa tuzo nne na wimbo ule ule, sasa bili ya nyimbo 37 imetoka wapi? Nikamwambia kama una muda kaa hapo, nakuita bendi ije ikupigie hizo 28. Salio lilikuja baada ya wiki tatu, pungufu.