Kibao cha Zinki

Kile kibao nilikikuta darini, ndani ya kreti la chupa, kimefunikwa na mapazia yaliyoliwa na nondo. Kilinijaa kiganja: kipande cha mbao ngumu, juu yake bamba la zinki lililopigiliwa misumari midogo pembeni, na kwenye zinki pamechorwa mkono uliovaa glavu. Wino mweusi ulikuwa umekaukia ndani ya mistari. Chini ya mkono palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa, AHCOM. Nikadhani ni jina la mtu.

Ilikuwa Januari 2009. Nilikuwa nikisoma Albany, jimbo la New York, ada imenikaba, na kibarua chochote cha Jumamosi sikukikataa. Bibi mmoja wa Gloversville, mwenye umri wa miaka 86, alikuwa anahama nyumba aliyozaliwa, akatafuta kijana wa kumteremshia vitu kutoka darini. Ni mwendo wa kama saa moja kwa gari. Theluji ilikuwa imefika magotini, nami nilivaa glavu za sufu za bei rahisi ambazo zilikuwa zimelowa kabla sijafika mlangoni.

Jina la mji wenyewe maana yake ni mji wa washona glavu. Mwanzo ukiitwa Stump City, mji wa visiki, kisha mwaka 1828 ukapewa jina hili la kazi yake. Ulipita wakati ambapo karibu glavu tisa katika kila kumi zilizouzwa Marekani zilitoka pale na vitongoji vyake. Hata Samuel Goldwyn, kabla hajawa bwana mkubwa wa sinema, alikuwa kijana mhamiaji katika kiwanda cha glavu cha mji huo. Mimi niliyakuta majengo ya matofali yamezibwa madirisha kwa mbao, na kijito cha Cayadutta kimeganda. Bibi aliniambia utotoni mwake kijito kile kilikuwa kikibadilika rangi kutwa, leo kahawia, kesho buluu, kulingana na ngozi zilizotiwa rangi siku hiyo.

Nikateremka na kibao mpaka jikoni. Alipokiona aliweka kikombe chini.

"Hiki ni cha baba," akasema. "Tangazo lake la kwanza."

Baba yake alikuwa mkataji. Alianza kwa kukatia watu wengine, kisha yeye, mkewe na kaka yake wakafungua karakana yao nyuma ya nyumba ile ile, cherehani sita tu. Bibi akafungua mtoto wa meza, akatoa kipande cha ngozi laini, akakipangusa kwa kitambaa chenye majimaji, akaanza kukivuta juu ya meza kwa viganja viwili, polepole, akikigeuza na kukivuta tena. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, lakini mkono haukusahau. Mkataji, akanieleza, hamalizi kuvuta mpaka ngozi iishiwe na mvuto wake, ndipo anapima. Ukikata mapema, glavu itakulegea mkononi baada ya wiki mbili. Kuna kipande kikubwa cha kiganja na mgongo, kuna cha dole gumba, na kuna vile vipande vyembamba vinavyoingia kati ya kidole na kidole, ambavyo ndivyo vinavyoifanya glavu ifuate mkono. Kukata ilikuwa kazi ya wanaume. Kushona ilikuwa ya wanawake, wengi wao majumbani, huku wali— la, huku viazi vikichemka jikoni. Mama yake alishona mpaka mwezi aliojifungua.

Kisha akaniomba nimteremshie jalada la kadibodi lililokuwa kwenye kreti lile lile. Ndani yake baba alikuwa amebandika matangazo aliyoyakata magazetini, ya kwake na ya washindani wake, ili ajifunze. Palikuwa na ya Fownes, ile kampuni iliyoanzishwa Worcester, Uingereza, mwaka 1777: picha nzuri, nafasi kubwa nyeupe, na maneno yasemayo kwamba hii ni Fownes, na hilo tu ndilo unalohitaji kulijua kuhusu glavu. Ya baba yake hayakuzidi ukubwa wa kiberiti. Ule mkono, neno lile, kisha maelezo yamebanana kama abiria wa matatu: ngozi gani, imekatwa vipi juu ya meza, mshono wa aina gani mgongoni, kifungo kiko wapi.

Nimeyafikiria sana matangazo yale tangu siku hiyo, na mpaka leo nayapenda ya yule baba kuliko ya Fownes. Nyumba iliyodumu zaidi ya miaka mia moja inaweza kumwambia mteja aamini jina. Mtu mwenye cherehani sita hana jina, ana kazi yake tu, na lazima aieleze yote kabla mteja hajafungua ukurasa unaofuata. Kila neno alililipia, na hakuna hata moja alilolipoteza kwa majigambo.

Hapo ndipo niliposoma neno lililochapwa chini ya mkono na kukielewa kibao. MOCHA. Kibao kilikuwa chapa ya kupigia tangazo, na neno lilikuwa limegeuzwa, kama kwenye chapa zote, ili litoke sawa kwenye karatasi. Herufi nne kati ya tano hazibadiliki ukizipindua kulia kushoto, ni C peke yake iliyokuwa imeangalia upande mwingine.

"Kahawa?" nikauliza. "Ni rangi ya kahawa?"

"Ni ngozi," akasema. "Imeitwa hivyo kwa bandari ya Mocha, kule Yemen. Kondoo wa pande zile za Bahari ya Shamu, Arabuni na Somalia. Hawana sufu, wana nywele kama mbuzi. Baba alikuwa na picha yao ukutani. Weupe, halafu kichwa cheusi, kama waliochovywa kwenye wino."

Nikavuta kiti nikakaa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchambuzi wa ngozi kwenye ghala moja Mombasa, nyuma ya Bandari ya Kale. Kondoo wale niliwajua kabla sijajua kusoma. Ngozi zao zilikuja zimekauka, ngumu kama karatasi ya sanduku, na babu alikuwa akizipitia moja moja. Kwanza kiganja, kisha pua, kisha aliinua ngozi mlangoni akaitazama kwa mwanga wa jua ili aone tundu la kisu. Ile iliyotandazwa chini juani aliitupa pembeni kwa hasira, kwa sababu imeungua ndani. Alitaka iliyotundikwa kivulini, kwenye fremu ya miti, ipigwe na upepo. Na mikwaruzo ya miiba ilimsikitisha mno. Alikuwa akiipitishia ukucha na kusema, "Porini hakuna huruma." Nilimuuliza mara nyingi ngozi zile zinakwenda kufanya nini. Alijibu, "Ulaya." Hakuwa na jibu jingine. Alifariki mwaka 1996.

Nikamsimulia bibi yote hayo. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akanipa kile kipande cha ngozi nikishike. Kilikuwa kama mahameli. Akanieleza kwamba ngozi ya mocha, ikishatoka kwenye chokaa, hukwanguliwa kwa kisu ule uso wake wa juu, na kinachobaki ndicho kinachosuguliwa mpaka kiwe laini namna ile.

"Kwa hiyo mikwaruzo ya miiba?"

"Huondoka na ule uso."

Nilikishika kwa muda mrefu. Ningetoa chochote babu apate kusikia maneno hayo manne.

Siwezi kusema kwamba ngozi iliyopita mkononi mwa babu ilifika kwenye meza ya baba yake. Wakati kibao kile kinachongwa, babu alikuwa bado hajazaliwa. Lakini kondoo ni wale wale.

Kabla sijaondoka niliomba karatasi na penseli. Nikaitandaza karatasi juu ya zinki, nikasugua taratibu mpaka mkono ukatokea, mshono wa mgongoni na kifungo chake, na AHCOM chini. Nikaituma Mombasa kwa posta, pamoja na barua ndefu. Ilichukua wiki tano.

Mama alipopiga simu nilikuwa bwenini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karatasi yako imefika. Mbona maandishi yako kinyume?"

"Igeuze, mama. Itazame kwa nyuma, penye mwanga."

Nikamsikia anavuta pazia. Akakaa kimya, nikasikia muadhini wa mtaani kwetu kwa mbali.

"Nimeiinua dirishani," akasema, "kama alivyokuwa akifanya babu yako. Haina tundu."