Altdorf, kwa Wilhelm Tell

Treni ya kutoka Luzern ingenifikisha mapema, lakini nilipanda meli ya ziwani kwa sababu nilitaka kuuona ule mwamba ambao Wilhelm Tell, shujaa wa uhuru wa Waswisi, anasimuliwa kuurukia. Tulipopita Rütli, malisho ambako, wanasimulia, Waswisi wa kwanza waliapa kuungana, kikanisa kikajitokeza mitini upande wa kushoto, mbele kiko wazi. Nikashuka. Nyuma ya wavu wa chuma kuna picha nne kubwa za Ernst Stückelberg: kiapo cha Rütli, tufaha, Tell akiruka kutoka chomboni dhoruba ikivuma, na liwali Gessler akifa kwa mshale wa Tell. Asiyejua neno la Kijerumani anatoka na kisa kizima.

Altdorf ni mji mdogo, na sanamu ya Richard Kissling ya mwaka 1895 imeutawala uwanja. Tell amevaa kama mchungaji wa milimani, upinde wa kufyatua begani, mkono mmoja umemshika mwanawe. Mtoto anamtazama baba. Baba anatazama mbele. Hapa, wanasema, liwali Gessler alitundika kofia juu ya mti ili kila mpita njia aiinamie. Tell akagoma, akalazimishwa kulenga tufaha kichwani mwa mwanawe.

Kwenye jiwe la sanamu wamechonga 1307, mwaka wa kisa chenyewe. Maandishi ya kwanza yanayomtaja, Kitabu Cheupe cha Sarnen, ni ya miaka ya 1470 hivi, na Wadenmaki walikuwa na kisa kama hicho zamani zaidi. Mwaka 1760 kijitabu kilipothubutu kulisema hilo, serikali ya Uri, jimbo la Altdorf, ikaamuru kichomwe moto. Uhuru huo!

Wanaonivutia mimi ni wakulima wa bonde la Entlebuch, karibu na Luzern. Mwaka 1653, madeni yamewakaba na sarafu imeshushwa thamani, waliinuka dhidi ya wakubwa wa Luzern, Waswisi wenzao, na watatu wao wakavaa mavazi ya Tell. Wawili waliuawa mwaka huohuo. Ningeulizwa, ningechonga na 1653 pale chini.

Baada yao kila mtu alimchukua. Jamhuri ya Uswisi ya mwaka 1798, iliyoletwa na majeshi ya Ufaransa, ilimweka kwenye muhuri wake. Mshairi Mjerumani Schiller, ambaye hakuwahi kukanyaga Uswisi, akamtungia tamthilia mwaka 1804. Wanazi wakaisifu, kisha mwaka 1941 Hitler akaipiga marufuku. Nadhani alikumbuka mwisho wa liwali.

Mvua ilipoanza nikadandia basi la Bürglen, kijiji kinachojivunia kuwa ndiko alikozaliwa mtu asiye na ushahidi kwamba alizaliwa.