Nilivyohamisha leja kwenye kompyuta, nikabaki na kazi yangu

Kijana aliyetufungia kompyuta ofisini aliniambia, "Mzee wangu, funga hayo madaftari leo. Mashine itafanya yenyewe." Nikamtii. Miaka kumi na minane ya kutunza hesabu, halafu nikamtii.

Wiki hiyohiyo tukawatumia wanachama wa chama chetu cha mikopo ujumbe wa simu kuhusu marejesho ya mikopo. Haukufika kwa yeyote. Kumbe jedwali la kompyuta lilizichukua namba za simu kama hesabu, na hesabu haianzi na sifuri, basi likazinyoa sifuri zote za mbele. Nikakaa mpaka saa nne usiku nazirudisha moja moja. Naandika, nabonyeza, sifuri hiyoo, imekwenda! Namba mia mbili na ushee. Asubuhi binti wa mapokezi akaniangalia kwa huruma, akatia ritifaa mbele ya namba, ritifaa ileile ya ng'ombe, na sifuri ikatulia. Sekunde tatu.

Tarehe nazo: Machi 4, iliyoandikwa 4/3, ikasomwa Aprili 3. Kuna mwanachama aliitwa mdaiwa sugu kwa sababu hiyo, na salamu yangu haitikii mpaka leo.

Hapo nikafungua madaftari tena. Miezi mitatu, mchana kompyuta, jioni kalamu. Mwezi wa kwanza vikapishana kwa 270. Kijana akaanza kuilaumu programu. Mimi nikagawanya kwa 9, ikatoka 30 kamili. Tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi. Nikaipata: 1,740 nimeiandika 1,470. Kijana akataka nimwandikie hiyo kanuni. Nilijisikia!

Maneno ya "kazi imekwisha" yapo tangu VisiCalc, programu ya majedwali ya kompyuta, ilipotoka mwaka 1979. Ya kujumlisha ndiyo iliyopungua, kweli: kufunga mwezi kulikuwa siku nne, sasa ni asubuhi moja. Siku zilizobaki nakaa na wakopaji, nawaonyesha deni lao linakokwenda. Lakini tulikuwa watatu, na mwenzetu alipostaafu nafasi yake haikujazwa.

Gharama sikuziandika (mtunza hesabu mimi!), ila mafunzo yalikula kuliko mashine. Na ukitaka kujaribu, usimpe mwanachama yeyote namba yako binafsi. Zamani waliuliza salio dirishani, wakapanga foleni, wakajuliana hali. Sasa dirishani hapana mtu, na jana saa tano usiku nimeamshwa: "Samahani mzee, umelala?"