Jiopaki na meza ya mawe

Baraza la leo kando ya volkano ya Menengai, Nakuru, limechemka: jiopaki (eneo lenye miamba na mandhari ya thamani kwa dunia, linalotunzwa kwa uhifadhi, elimu na maendeleo ya wenyeji) ikija, tutahamishwa?

Hadhi hiyo ya UNESCO yenyewe haileti sheria mpya ya ardhi. Hati yako ni ile ile.

Swali zito limetoka kwa mama anayeuza mawe meusi ya volkano, yale yanayong'aa kama chupa: "Na meza yangu je?"

Kimya.

Masharti ya UNESCO yanawakataza wasimamizi wa jiopaki kujihusisha moja kwa moja na biashara ya visukuku, madini na mawe yaliyong'arishwa. Basi mtaji na mafunzo ya kuongoza wageni vitangulie, si kibao cha lango (kibao huwa hakichelewi!).

Wakaguzi wa UNESCO hurudi kila miaka 4. Wakikuta kasoro hutoa kadi ya njano, yaani onyo: miaka 2 ya kurekebisha.

Wauzaji wa kule juu, mnasemaje?